Mnataka kuanzisha huduma ya wakimbizi kanisani? Anzeni na daftari, sio na belo la mitumba

Bwana asifiwe wapendwa. Kila ikikaribia Krismasi napigiwa simu na watu wa makanisa ya hapa Dodoma, wengine Kongwa, wengine mpaka Manyoni huko, wananiambia dada sisi tumeguswa, tumekusanya nguo za wakimbizi, tunazifikishaje Kigoma? Na mimi huwa nauliza swali moja tu, nani kaziomba hizo nguo? Kimya. Sasa badala ya kurudia maneno yale yale kwenye simu kila mwaka nimeona niandike jinsi sisi tunavyofanya. Sio kwamba ni wataalamu, tumekosea sana na mtaona, ila mimi ndio mshika daftari wa hii huduma na daftari halisahau, hata pale mchungaji anapotamani lisahau kidogo.

Kwanza jueni mnamhudumia nani maana neno mkimbizi limebeba watu tofauti kabisa. Kambi ya Nyarugusu iko Kasulu mkoani Kigoma, ilifunguliwa 1996 wakati wa vita ya Kongo, Wakongo wengi waliopo wametokea Kivu ya Kusini, na ukifanya hesabu utaona mtoto aliyezaliwa mle mwaka ule sasa hivi ni mzazi na hajawahi kuiona Kongo hata siku moja. Kambi ya Nduta, Kibondo, ilifunguliwa tena 2015 Warundi walipokimbia, wale ambao wengi walirundikana pale Kagunga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, na meli ya MV Liemba ikawa inawabeba kuwaleta Kigoma mjini huku kipindupindu kimeshaingia. Mtendeli ya Kakonko imeshafungwa tangu 2021, msije mkapeleka mzigo huko kama kundi moja nalijua. Na tangu 2017 kuna misafara ya Warundi kurudi kwao, kwahiyo hesabu ya watu mliyopewa mwaka jana msiitumie mwaka huu. Aliyekaa kambini miaka mingi hahitaji sufuria, anayo, anahitaji cherehani itengenezwe. Aliyefika juzi ndio anahitaji sufuria. Ukiwapa wote sufuria umefurahisha nafsi yako tu.

Alafu kuna wale waliokimbia 1972, Warundi waliokaa makazi ya Ulyankulu, Mishamo na Katumba. Wengi wao walipewa uraia, watu kama 162,000 hivi, vyeti vilianza kutolewa 2014. Unaweza ukakaa naye benchi moja kanisani hapa Dodoma na ni Mtanzania kama wewe. Msimuandike kwenye lista ya misaada kwa sababu tu mmesikia lafudhi yake. Sisi tuliwahi kumwita mzee mmoja mbele ya kanisa apokee blanketi, akasimama akasema jamani mimi nalipa kodi ya ardhi, nipeni basi niwagawie hao wenye shida. Tuliona aibu mpaka leo.

Sasa sheria, na hapa msiruke. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inasema mkimbizi anakaa eneo lililotengwa na akitoka anatoka na kibali, na wewe mgeni vilevile huingii kambini kama unaingia mnadani Msalato, unaomba kibali. Inayosimamia ni Idara ya Huduma kwa Wakimbizi chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, na sisi wa Dodoma tuna bahati, wizara iko mji huu huu, mwenzako wa Songea anaandika barua anasubiri, wewe unapanda daladala unaenda kuulizia. Barua iwe na muhuri wa kanisa, majina ya wanaokwenda kama yalivyo kwenye vitambulisho, namba ya gari, jina la dereva, tarehe, orodha ya mzigo na idadi yake, na mtu gani kule anawapokea. Nasema jina la dereva kwa sababu safari yetu ya kwanza dereva aliugua tukaweka mwingine asubuhi ile ile, tukafika getini karatasi inasema mtu mwingine, tukalala Kasulu siku mbili na Fuso inadai pesa ya kulala. Hatukuonewa, karatasi ilikuwa mbovu na ni sisi tuliiandika. Pelekeni wiki kadhaa kabla, sio Alhamisi mnasafiri Jumamosi, na mkishapewa pigeni kopi tatu.

Na mtu akija kanisani Jumapili anasema mimi nimekimbia vita sina karatasi yoyote? Mpe maji, mpe chakula, msikilize. Kisha ulizeni Idara au UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, njia ya yeye kuomba hifadhi ikoje, na asiende peke yake, mtu mzima wa kanisa amsindikize. Msimfiche chumba cha nyuma mkidhani ndio upendo, siku akikutwa humo mnaumia wote na yeye ndio anaumia zaidi. Najua kuna watakaosema lakini Yesu mwenyewe alibebwa usiku kupelekwa Misri. Ndio, na Yusufu alifika, akakaa kule na familia yake. Hakuwekwa stoo.

Haya sasa lista, ambayo ndio roho ya kazi yote. Kambini kuna makanisa, yao wenyewe, wana wachungaji, wana kwaya zinazoimba kuliko zetu na hilo halina ubishi. Tafuteni kupitia dayosisi au dhehebu lenu nani yuko kule, na makanisa ya Kasulu na Kibondo yanawafahamu. Ukishapata simu usiulize "mnahitaji nini" maana ukiuliza hivyo utajibiwa "chochote Bwana atakachowajalia", watu wana adabu, mwenye shida hachagui mbele ya mtoaji. Uliza vitu vyenye namba. Kina mama waliojifungua miezi mitatu hii ni wangapi? Wazee wanaoishi peke yao? Sabuni mliyopata mara ya mwisho ilikaa siku ngapi? Watoto wa shule wanakosa nini, daftari au viatu? Na uliza watu wawili, mchungaji mmoja na mama mmoja, tena kila mtu kwa simu yake. Mchungaji wa kwanza tuliyempigia aliomba spika za kanisa. Mama tuliyempigia jioni ile aliomba chupi za wasichana. Hakuna aliyedanganya, kila mtu anaomba kile anachokiona akiamka, ila ungempigia mmoja tu ungepeleka spika.

Hiyo lista iandike kwenye daftari, tarehe, nani kasema, halafu ndio usimame kanisani utangaze. Tangaza vitu vile vile vilivyoandikwa. Ukisema tu "leteni nguo" utaletewa suti ya harusi ya mwaka 1998, viatu vya kisigino kirefu mguu mmoja, na masweta ambayo mbwa kalalia. Sisi tuna mama mmoja kwenye umoja wa akina mama, kazi yake ni moja, anasimama mlangoni Jumamosi anapokea mifuko, na kila nguo anajiuliza mwanangu angevaa hii kwenda kanisani? Kama hapana inarudi na aliyeileta, hapo hapo, kwa tabasamu. Mwanzo watu walinuna. Sasa wanafua na kupiga pasi kabisa.

Nguo zenyewe pangeni kwa saizi na jinsia kabla ya kufunga, andikeni juu ya kiroba kwa maka peni, WASICHANA MIAKA 8 MPAKA 10 VIPANDE 40, kwa sababu kule hakuna mtu ana muda wa kuchambua belo huku watu mia tatu wanaangalia, na ukifungua kiroba kisichopangwa mbele ya foleni umeanzisha vurugu mwenyewe. Wakina mama wa Kirundi na wa Kikongo wengi wanapenda vitenge kuliko kanga, na kanga zenyewe zina hatari yake. Mama mmoja wa kwaya alitoa doti mpya kabisa, haijafunguliwa, nikaipokea kwa furaha nikaiweka kwenye kifurushi. Bahati mzee wa kanisa akaikunjua akasoma maneno kwa sauti: Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Jamani! Umpelekee hiyo mwanamke aliyekimbia usiku na watoto wanne, aifunge aende nayo kwenye foleni ya sabuni. Tangu siku hiyo kanga zote zinasomwa, tena na watu wawili, maana mmoja anaweza asione tatizo.

Vitu vya kutopeleka kabisa. Maziwa ya unga ya watoto wachanga, hata kama yamekaguliwa na yana tarehe nzuri. Mama akianza kuyatumia maziwa yake yanapungua, kopo linaisha, maji ya kukorogea sio salama, mtoto anaharisha. Mpe mama chakula, mtoto atanyonya. Dawa mlizobakiza nyumbani pia hapana, hata panado, kambini kuna zahanati zao. Na vyakula vizito vya kutoka huku fikirieni mara mbili. Kundi moja lilinipigia wamenunua gunia kumi za maharage hapa soko la Majengo wanataka usafiri. Maharage! Kupeleka maharage Kigoma ni kama kuleta zabibu Dodoma. Chumvi ndio usiseme, utapita nayo Uvinza kwenye machimbo ya chumvi watu wakikushangaa.

Hesabu iko hivi. Ukienda kwa barabara ya Singida, Nzega, Kahama, Nyakanazi ndio ushuke Kibondo na Kasulu, au ukipita Manyoni, Itigi na Tabora, njia zote ni ndefu, na mafuta ya lori, posho ya dereva na utingo na kulala njiani mara nyingi inazidi bei ya mzigo wenyewe. Kwahiyo sisi siku hizi tunabeba vile vyepesi tu na pesa tunanunulia Kasulu au Kibondo, na mfanyabiashara wa kule naye anapata, na wenyeji wa vijiji vinavyozunguka kambi hawalalamiki kwamba misaada yote inapita juu ya vichwa vyao. Vyepesi ni kama nyuzi na sindano za cherehani, miwani ya kusomea ya wazee (hii inapendwa kuliko mnavyodhani), pedi za kufua wanazoshona kina mama wetu hapa, na Biblia za Kirundi, Chama cha Biblia makao makuu yako hapa hapa Dodoma kaulizieni. Kuhusu pedi za kufua, peleka pamoja na chupi mbili, kipande cha sabuni na ndoo yenye mfuniko, bila hivyo umempa msichana kitambaa cha aibu asichojua atakianika wapi.

Chakula wanachogawiwa kule kinatoka WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, unga, mikunde, mafuta, chumvi, na wafadhili wakipungua na kipimo kinapungua. Kwahiyo usikasirike ukisikia koti ulilotoa limeuzwa. Limegeuka mboga. Ulitoa au ulikopesha?

Siku ya kugawa msifanye ibada kwanza alafu sabuni. Najua hapa tutabishana na wapendwa wengine na nimeshabishana nao sana. Mtu mwenye njaa ataimba wimbo wowote, atanyoosha mkono kuokoka mara tatu kwa mwaka kila kundi likija, na nyie mtarudi Dodoma na ushuhuda wa watu mia mbili. Mle kuna Waislamu, kuna Wakatoliki, kuna wasio na dini, sabuni inatoa povu kwa wote. Na hili sio wazo langu, kuna kanuni za maadili za mashirika ya misaada za mwaka 1994, Caritas ya Wakatoliki na Shirikisho la Walutheri Duniani ni kati ya walioziunga mkono, zinasema msaada hautumiki kusukuma imani. Hapa kwetu Walutheri walianza huduma ya wakimbizi tangu 1964 kupitia TCRS, shirika lao la kuhudumia wakimbizi, kwahiyo hawakuwa wanakisia. Ibada tunafanya Jumapili, kwenye kanisa lao, mchungaji wao anaongoza, sisi tunakaa benchi kama wageni. Atakayekuja anakuja.

Gaweni kwa ukubwa wa familia. Familia ya watu tisa na ya watu wawili wakipata mche mmoja mmoja wa sabuni hujagawa, umechokoza. Watu wa kijiji husika cha humo kambini ndio wasome majina, sio nyie. Wazee, wajawazito na wenye ulemavu wasisimame juani, wapelekewe. Mhudumu yeyote asigawe peke yake, wawe wawili daima na mmoja awe mwanamke, na hakuna kuchukua namba ya simu ya msichana, hata kwa kumwombea. Hii tunaisoma kwa sauti kabla ya kuondoka Dodoma na kila mtu anasaini, kuanzia mchungaji.

Picha. Piga picha mzigo, piga picha gari, piga picha viroba. Nyuso za watu acha. Kuna mtu kakimbia na anatafutwa, wewe unamrusha kwenye stetasi ya WhatsApp na jina la kambi na moto wa emoji. Wafadhili wenu wakitaka uthibitisho wapeni risiti na daftari lililosainiwa.

Mazungumzo nayo yanahitaji adabu yake. Mrundi msalimie Amahoro, akikupa kitu sema Murakoze, inatosha kufungua uso. Mkongo anaongea Kiswahili lakini sio chako, sombe kwake ni kisamvu, na baba yeye atamwita papa, usimcheke wala usimsahihishe, kimesafiri kuliko chako. Usiulize "ilikuwaje mpaka mkakimbia". Akitaka atasema, na akianza kusema nyamaza, usimkatishe kwa mstari wa Maandiko. Usiulize mtarudi lini kwenu. Na chonde chonde usimwahidi mtu Marekani au Canada. Wanaopelekwa nchi ya tatu wanapendekezwa na UNHCR na nchi yenyewe ndio inaamua, kanisa halina mkono hapo, na huduma zote za UNHCR ni bure, mtu yeyote anayedai hela ya kuingiza jina kwenye orodha ni tapeli hata akija na Biblia kwapani. Waambieni hivyo wazi, mtakuwa mmewasaidia kuliko viroba vyote.

Kwa wale ambao hawawezi kusafiri kuna kazi hapa hapa mjini. Ikitokea mgonjwa wa kambini kapewa rufaa mpaka hospitali ya Dodoma, anakuja na msindikizaji mmoja, hawajui hata choo kiko wapi. Huyo ni wa kwenu. Tafuteni mkalimani wa Kirundi, na asiwe mtoto wake. Angalieni tarehe ya kibali chake cha kutoka kambini siku ya kwanza kabisa na muiandike kwenye daftari, maana majibu ya vipimo huchelewa na kibali hakisubiri vipimo, sisi tuliwahi kushtuka kimebaki siku moja tukakimbizana ofisi hadi ofisi. Chakula pelekeni kwa zamu, na ulizeni. Mama mmoja wa Kirundi tulimpelekea ugali wa uwele na mlenda, fahari ya Mgogo, na mimi mwenyewe ndio niliupika nikajisifu njia nzima. Alimeza matonge mawili kwa heshima akalala na njaa. Kesho yake tukauliza, akasema maharage na ndizi, ya kawaida tu. Alikula mpaka akatabasamu na ndio siku ya kwanza tukajua jina lake la utani.

Pesa, kwa kifupi. Isiingie kwenye simu ya mtu, hata ya mchungaji, fungueni akaunti ya kanisa yenye saini mbili. Risiti za EFD (zile za mashine ya kodi), ukinunua kwa mama wa sokoni asiye na mashine aandike kwenye daftari na asaini au aweke dole gumba. Somea kanisa hesabu kila baada ya safari, pamoja na ile iliyopotea, sisi tulisoma ile ya Fuso kulala siku mbili na sadaka ya Jumapili iliyofuata haikupungua.

Mkisharudi pigeni simu kule baada ya wiki mbili, wale wale wawili, ulizeni nini kilifaa na nini kimekaa kona. Hapo ndio lista mpya inaanzia. Hii niliyo nayo mezani sasa hivi ina vitu vinne, uzi mweusi boksi sita, miwani namba mbili na namba mbili na nusu, chupi za miaka 12 mpaka 15, na kingine mama kasema neno la Kibembe, lugha yao ya Kongo, simu ikakata. Nimejaribu mara tatu mtandao hakuna. Jumamosi naenda soko la Sabasaba kuulizia bei za hivyo vitatu, hicho cha nne nikimpata huyo mama nitawaambia.